Taya la Mayala

Watu wote wana mataya, hilo halina mjadala, lakini taya la Mayala lilikuwa habari nyingine. Lilikuwa pana, limejaa chini ya masikio kana kwamba kaficha humo mihogo miwili, na akimeza mate tu ulikuwa unaona nyama ikipanda na kushuka. Siku za kawaida alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Igogo, mtu mpole, hata ukimgombeza hajibu. Msimu wa ngoma ukifika, pamba ikishauzwa, alikuwa mwanamume mwingine kabisa. Alikuwa anauma ukingo wa kinu kwa meno, kinu cha kutwangia ambacho wanawake wawili wakitaka kukihamisha wanakibiringisha, anakinyanyua mikono ikiwa hewani na kuzunguka nacho uwanja mzima huku ngoma zinalia. Watu walikuwa wanatoka Magu na Sengerema kuja kuliangalia taya hilo. Sasa niacheni niwaambie lilivyoua mtu.

Ngoma zetu za Usukumani hazina waamuzi wa kukaa mezani na kutoa alama. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Wakikuhama umeshindwa, na aibu hiyo utakaa nayo hadi mavuno mengine. Kwa hiyo kila kundi lina vituko vyake na dawa yake ya kuvuta watu, na kila kundi linaamini kwamba wale wa upande wa pili nao hawajalala. Mayala alikuwa wa kundi la Radi, chini ya Ngosha, manju wao, kiongozi wa nyimbo, jitu la miraba minne lisilojua kuongea polepole. Wapinzani wao walikuwa kundi la Chatu kutoka Busisi, ng'ambo ya daraja, na manju wa Chatu alikuwa mzee Machibya.

Hapo ndipo penye mgogoro, maana kazi ya kunyanyua kinu Mayala alifundishwa na Machibya huyohuyo. Alikaa kwake ujana wake wote, akala ugali wa mkewe mzee, mama Wilhelmina, akaanza kwa kuuma ndoo tupu, kisha ndoo ya maji, kisha gogo, mpaka kinu. Baadaye Ngosha akaja na maneno matamu, na Mayala akahamia Radi. Mzee alilia mbele za watu. "Meno hayo nimeyalea mimi," akasema, "huko hayatakaa." Ulikuwa uchungu tu, jamani, nani kati yetu hajawahi kusema neno kwa uchungu? Lakini watu walilisikia neno hilo na wakaliweka.

Shida yenyewe ilianzia kitandani. Mayala alikuwa anasaga meno usingizini, krr, krr, mpaka mkewe anachukua blanketi na kuhamia sebuleni. Akiamka kichwa kinagonga, masikio yanauma, taya limekaza hata mswaki hauingii. Gego moja likapasuka. Daktari wa meno akamwambia misuli ya taya imenenepa kupita kiasi na haipumziki, akampa kifaa cha plastiki cha kuvaa akilala. Mayala akakitafuna mpaka kikaisha.

Mkewe, Queen, alikuwa na saluni kule Mirongo. Nywele, kucha, kope, na tangu aliporudi kwenye mafunzo ya siku chache Dar es Salaam, akaongeza sindano. Botoksi, wenyewe wanavyoiita. Siku hizi wanawake wa mjini hawataki uso mpana, wanataka uso uliochongoka na kidevu chembamba, basi Queen anawachoma sindano kwenye msuli wa taya, huku na huku, msuli unalegea, unapungua, mtu anatoka na sura ya kwenye picha. Hakuwa nesi, hakuwa daktari. Alikuwa mwanamke mwenye mkono mwepesi na moyo usio na hofu, na alikuwa anampenda mumewe kwelikweli.

"Baba Kulwa," akamwambia, "huu msuli unaokutesa ndio uleule ninaowachoma kina mama. Wao wanataka upungue, wewe unataka utulie. Dawa ni moja."

"Na kinu je?"

"Kwani kinu unakinyanyua kwa meno au kwa mashavu?"

Wakacheka wote wawili. Masikini, hakuna aliyejua kati yao! Meno ni mawe tu, bila ule msuli hayaumi hata andazi, lakini mke alikuwa amejifunza kuchongoa sura, hakujifunza kinu, na mume alikuwa amezaliwa na nguvu ile bila kujiuliza inatoka wapi. Akamchoma. Siku zikapita, Mayala akaendelea kusaga vilevile, akaanza kumtania kwamba kamchoma maji ya bomba. Sindano ile haina haraka, inachukua hata wiki mbili kushika. Queen alilijua hilo, lakini utani ulimkera, akamwongeza nyingine, tena nyingi, na mara hii akaisogeza karibu na mdomo kuliko inavyotakiwa.

Mtaniuliza, mbona mwenyewe hakushtuka mapema? Ni kwa sababu ya mwiko. Radi wana mwiko wao: kinu kikishapakwa dawa na kufunikwa kaniki, mwumaji hakigusi tena kwa meno mpaka siku ya uwanja, na yeye mwenyewe hali nyama, hatafuni muwa wala karanga. Ni uji, maziwa mgando na ugali laini, ili nguvu za taya zisipotee ovyo. Mayala akaushika mwiko barabara. Akawa analala fofofo, kichwa hakigongi, anambariki mkewe kila asubuhi. Uso ukaanza kuchongoka, wateja wa mageti wakamwambia fundi umependeza. Kumbe taya linakufa na yeye anakunywa uji.

Siku ya mashindano uwanja wa Busisi ulifurika. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeleka vumbi upande wa Chatu, na watu wa Radi wakasema hiyo dalili njema. Haikuwa. Kijana wa Machibya alitoka na nyoka mzima mabegani, mnene kama paja, watu wakapiga kelele na kuanza kuhama, kwanza watoto, kisha kina mama, kisha hata wale waliokuja na Radi kwenye gari moja. Ngosha jasho lilimtoka.

"Mayala! Watu wanatuhama. Kinu!"

Wakakifunua. Mayala akapiga magoti, akauma ukingo, ladha chungu ya dawa ikamjaa mdomoni. Akakaza taya kama anavyokaza siku zote, na hakuna kilichokuja. Hakuelewa. Alikaza tena, akavuta kwa shingo na mgongo, na kwa sababu alikuwa dume la mtu, kinu kikatoka chini. Watu waliona! Upande wa Chatu ukapasuka, mamia wakaja mbio kwa Radi huku wanapiga vigelegele, na Ngosha akapandisha wimbo. Mayala akanyoosha mikono, akapiga hatua, kinu kikiwa usawa wa kifua.

Ndipo mdomo ukafunguka wenyewe. Ukingo uliondoka na meno yake ya mbele, ukampasua mdomo wa chini hadi kidevuni, na kinu kikatua juu ya mguu wake wa kulia. Mifupa ililia, waliokuwa karibu waliisikia. Mayala akaanguka kifudifudi juu ya damu yake, na maumivu hayakuwa kitu mbele ya hofu iliyomshika. Taya lake! Lilikuwa halijawahi kumwangusha tangu ujana. Jina moja tu likamjia kichwani, akalitoa wakati sauti ingali inatoka.

"Machibya! Machibya kanifunga taya!"

Basi. Ni maneno hayo tu. Watu waliokuwa wanashangilia waligeuka, na mtu ambaye hajaona uwanja mzima ukigeuka asiniambie anajua woga. Ngosha alikuwa wa kwanza. Aliunyakua mchi wa kile kinu, akakata uwanja, na Radi wote wakamfuata na fimbo na marungu yao ya kuchezea. Wachezaji wa Chatu waliona Radi wanachokuja nacho, wakatimka. Kijana wa nyoka akamtupa nyoka wake na kukimbilia ziwani. Mzee Machibya hakukimbia, magoti yake yalikuwa hayakimbii tena, na pengine hakuwa na habari kwamba anayefuatwa ni yeye. Alisimama ameshika filimbi yake.

Mchi ulimpata begani, mkono ukaning'inia. Wa pili ulimpata mbavuni. Akaanguka, wakamzunguka, na sasa kila mtu alikuwa anataka pigo lake, hata watu ambao asubuhi walikuwa wamemwamkia shikamoo. Walipiga kwa fimbo, kwa mawe, kwa visigino. Mwanamke mmoja alivua kiatu. Hasira nilizonazo nikikumbuka kiatu kile, Mungu anisamehe.

Queen alikuwa ameshafika kwa mumewe. Alimgeuza, akampangusa damu kwa kitenge, akamshika mashavu. Vidole vyake vilijua. Nyama iliyokuwa ngumu kama mbao ilikuwa imesinyaa na kulegea.

"Kaza," akamwambia. "Kaza meno."

Mayala akajaribu kukaza. Chini ya vidole vya Queen hakukuvimba kitu.

"Mungu wangu, ni mimi. Baba Kulwa, ni sindano. Si mzee, ni sindano zangu!"

Mayala akaelewa palepale. Akaanza kutambaa. Alitambaa kwa viwiko, mguu unaburuzika, akapita katikati ya miguu ya watu mpaka akamfikia mzee na kumlalia. Pigo lililokuwa linashuka likamwangukia yeye mgongoni. Wakasita.

"Si yeye," alisema Mayala. "Nilichomwa. Si yeye." Lakini mdomo ulikuwa vipande viwili, ulimi umevimba, shavu halimtii, na kilichotoka kilikuwa damu na mngurumo.

"Mnaona?" Ngosha akapaza sauti. "Na ulimi kamfunga! Mtoeni, mtoeni!"

Machibya alikuwa bado ana jicho moja linaloona. Alimtazama Mayala, uso kwa uso, karibu hata pumzi zao zilikuwa zinagusana. "Mwanangu," akasema, "watakusikiliza wewe. Waambie." Mayala akafungua mdomo tena na akalia tu. Wakamshika miguu, ule mzima na ule uliovunjika, wakamvuta kando.

Queen akajitosa katikati. Akapiga kelele ambayo hata upande wa barabarani waliisikia: "Ni mimi! Mimi ndiye niliyemchoma sindano ya kulegeza taya! Mzee hana kosa!"

Ingekuwa mahali pengine, maneno hayo yangetosha. Pale yalikuwa mafuta kwenye moto. Ngosha alimkamata nywele. "Kumbe! Kakutuma nani? Machibya kakupa nini umwangamize mumeo?" Rungu likamvunja mkono alipojikinga kichwa, na angekwisha siku hiyo kama mgambo wasingefika na kupiga risasi hewani. Watu wakatawanyika. Vumbi lilipotulia alibaki mzee Machibya peke yake katikati ya uwanja, na alikuwa ameshakufa.

Polisi walifanya kazi yao. Waliuliza kila mtu, na kila mtu aliyeulizwa wakati ule alikuwa amekwenda kujisaidia. Uwanja ulikuwa na watu mamia kwa mamia, na kumbe wote walikuwa vichakani! Mayala akiwa wodini aliandika jina la Ngosha kwenye karatasi, Ngosha akakamatwa, akakaa ndani kidogo, akaachiwa kwa kuwa ushahidi ulikuwa wa mtu mwenye kichwa kinachosemekana kimerogwa, na wa mke anayesemekana alitumwa.

Mdomo uliposhonwa ukapona na maneno yakarudi, Mayala alikwenda kwa magongo nyumba kwa nyumba kusema kweli. Queen alikwenda naye, mkono kwenye bendeji kubwa, amebeba kichupa cha dawa awaonyeshe. Wakafika hata kwa Ngosha. Ngosha akakinusa kichupa.

"Haina harufu," akasema. "Hii ndiyo imeangusha kinu? Wanawake wa mjini unaowachoma hawali nyama?"

"Wanakula, lakini huyu nilim..." Queen akajikanyaga kwa hasira. "Yeye nilimwekea nyingi!"

"Waite basi. Waje waseme wamechomwa, taya likalegea, tusikie."

Queen akawaendea. Akawaomba, akapiga magoti kwa wengine. Unadhani alipata hata mmoja? Mke wa mwenye maduka alimtazama juu hadi chini na kumwambia, "Sindano? Mimi sura hii nimezaliwa nayo." Mwingine alimfungia geti, na geti lenyewe kalichomelea Mayala. Watu wazima na akili zao, wako tayari mzee wa watu aoze na jina la mchawi kuliko jirani ajue kidevu si cha kuzaliwa nacho! Saluni ikafungwa, Queen akarudi kukaanga sambusa kwa mkono mmoja.

Sasa sikilizeni Ngosha alivyoamua, maana ndiyo roho ya mambo haya. Hakuwa na raha, msifikiri alikuwa na raha. Usiku na mchana alitaka kuhakikishiwa kwamba aliyemwua alikuwa mchawi. Akawaambia Radi: mchawi akifa, alichofunga kinafunguka. Tungoje. Taya la Mayala likirudi, tumejua kwamba alikuwa yeye, na kama alikuwa yeye, basi dawa alikuwa anazipika nani? Si mkewe? Siku taya likirudi, yule bibi naye hatakiwi kuliona jua la kesho yake.

Mayala akaletewa maneno hayo. Akamgeukia mkewe. "Litarudi?"

Queen alikuwa anachuja mafuta. Hakuinua uso. "Litarudi. Dawa inaisha yenyewe baada ya miezi michache. Hakuna njia nyingine, litarudi tu."

Mayala akavuka daraja kwenda Busisi siku hiyohiyo. Alimkuta mama Wilhelmina uani anapepeta mtama, kaburi la mumewe likiwa hatua chache kutoka mlangoni. Mayala alishindwa kukaa kwenye kigoda alichopewa, akasimama na gongo lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

Akamwambia yote. Alivyopiga kelele jina la mzee, sindano, na sasa Ngosha anachongojea. Akamsihi ahame, aje Igogo akae naye, au aende kwa ndugu zake Geita. Mama Wilhelmina alimsikiliza mpaka mwisho huku ungo unaendelea kuchezacheza mikononi.

"Mume wangu umemwita wewe mchawi," akasema, "halafu na mimi unataka nikimbie kama mchawi. Nikikimbia watasema nini? Sitoki. Wakija watanikuta hapahapa, na wewe usije kunilalia kama ulivyomlalia yeye. Haikusaidia kitu."

Mayala alirudi na maneno hayo kifuani. Na taya, kama lilivyoahidiwa, likaanza kurudi. Kwanza aliona ugali haumchoshi. Baadaye akapasua karanga kwa magego, peke yake, nyuma ya kibanda cha kuchomelea, akasikia ikivunjika. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yeye aliitema ile karanga na kuifukia kwa kiatu. Tangu siku hiyo hakula mbele ya watu ila uji, na aliuacha umtiririke kidevuni kwa makusudi. Alisema kwa kukokoteza maneno. Wakamhurumia, wakamcheka, na yeye akawaacha.

Mvua za kwanza zilipokaribia na watu kutaka kurudi mashambani, Ngosha alichinja ng'ombe wa kufunga msimu. Karamu aliiweka Busisi, mchana kweupe, kwenye uwanja uleule, na kutoka pale paa la mama Wilhelmina lilikuwa linaonekana. Mayala aliitwa. Alijua asipokwenda watamfuata, kwa hiyo alikwenda, na alipokaa kwenye benchi aliona dumu la mafuta ya taa limewekwa chini ya meza ya nyama. Hakuna aliyekuwa analizungumzia. Vijana walikuwa wanakula na kucheka, na kila baada ya muda mmoja wao anatupia jicho lile paa.

Ngosha akaja na ubavu wa ng'ombe mkononi, mafuta yanachuruzika.

"Kula."

Mayala akatia ule mfupa mdomoni pembeni, kwenye magego yaliyobaki. Nyama ya taya ilitaka kufanya kazi yake, aliisikia inavimba, akaizuia. Akausukumasukuma kwa ulimi, akauacha uanguke mapajani. Watu wakaguna.

"Anaigiza," mtu akasema.

Ngosha akachuchumaa mbele yake. Jitu zito lile, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akamwekea kiganja chini ya sikio, pale kwenye msuli. Kisha akachukua kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, mkono ulioshika mchi, akakiingiza mdomoni mwa Mayala mpaka katikati ya magego.

"Uma," akasema. "Uma kwa nguvu zako zote. Ukinikata sitakudai kitu."

Mayala alikuwa anaweza. Kidole kile kilikuwa na chumvi na moshi, na mfupa wake haukuwa mgumu kama ukingo wa kinu. Kukikata ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na damu ya mtu aliyemwua mwalimu wake ingemjaa kinywani, na Mungu anajua alivyoitamani. Machozi yalimtoka. Alimwona mzee na lile jicho moja, alisikia mngurumo uliotoka badala ya maneno, na hasira yote aliyokuwa nayo kwa Ngosha, na ile kubwa zaidi aliyokuwa nayo kwake mwenyewe, ilishuka kwenye taya na kugonga mlango. Hakuifungulia. Akalegeza. Mate yakamwagika kwenye kiganja cha Ngosha.

"Uma!" Ngosha akapiga kelele, na sauti ilikuwa ya kuomba. "Mayala, ndugu yangu, uma!"

Mayala akamtazama machoni, akatikisa kichwa. Ngosha akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyofaa, kidole mdomoni mwa mtu, kiganja kinapapasa shavu lisilovimba. Mwishowe akakichomoa. Akakigeuza juani, huku na huku, akitafuta alama. Hakikuwa na hata mkwaruzo.

Yule mwanamke wa kiatu alikuwepo, na ni yeye aliyesema, polepole, kama anayejisemea.

"Mzee kafa. Taya halijarudi." Akatazama mikono yake. "Sasa tulimwua nani?"

Ngosha aliendelea kukitazama kidole chake, kisha midomo ikaanza kumcheza, na jitu lile likakaa chini kwenye vumbi, mbele ya watu wake wote, likalia.